Hongera, Mwanangu

Mlinzi wa bwawa letu ni daktari bingwa, ila vyuo vya udaktari havikupata bahati ya kumwona. Kutwa huketi kwenye kiti cha plastiki, filimbi shingoni, shati lake ameanika juu ya kibao cha "Marufuku Kuogelea". Watoto wakitoka shule hujitosa majini mbele ya macho yake, naye hupuliza filimbi mara moja, ya kutimiza wajibu. Mvulana akija kumnong'oneza kwamba anakojoa damu, humpiga bega na kucheka: "Hongera, mwanangu! Sasa umekuwa mwanamume." Nesi akisema hicho ni kichocho, yeye hujibu kwamba manesi kazi yao ni kutia watu hofu.

Juzi alijiwa na binti yake wa miaka saba, ameshika tumbo. "Baba, nimekojoa damu. Na mimi nimekuwa mwanamume?" Filimbi ilimdondoka mdomoni. Alimbeba mgongoni, akashika njia ya zahanati nusura akimbie, na kila mtoto aliyempita alimfokea, "Nifuate! Twende!" Walifika kumi na wanne. Nesi alipouliza wana shida gani, mlinzi alitazama sakafu, akajibu kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake: "Kichocho, dada."