Mashine ilihesabu damu ya ndugu yangu sawasawa, sisi tukaiita mwongo

Habari zenu wakuu.

Jana humu kuna jamaa kaandika kwamba mashine za kuhesabu damu hospitalini ni uongo mtupu, akapata likes kibao. Nimesoma nikakasirika. Acha nieleze yaliyonikuta mimi, bila kuongeza chumvi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Durban. Tulipanga chumba kimoja pale Point, Wabongo na Wakongo. Nilikuwa na mdogo wangu Shabani, mtoto wa mama mdogo, mtu wa Tanga. Alikuwa anabandika soli kwenye kiwanda cha viatu Pinetown, kutwa nzima pua kwenye gundi.

Sasa, wengi wetu hatukuwa na karatasi. Mwenye kibali cha ukimbizi alikuwa mmoja tu, Mkongo mtu mzima tuliyemwita Papa Kalala. Kadi yake ya hospitali ikawa ya chumba kizima. Ukiumwa unaichukua, ukifika kule wewe ndiye Kalala. Tulikuwa tunataniana, "leo nani Kalala?" Polisi tuliwaogopa kuliko ugonjwa wowote.

Shabani akaanza kuchoka. Ngazi shida, fizi zinatoka damu akipiga mswaki, mwili una alama za kuvilia damu na hajagongwa popote.

Papa Kalala mwenyewe akampa kadi. "Kamata, mtoto. Kule habaangaliake sura, banaangaliaka namba tu."

Nikaenda naye nimsaidie Kiingereza. Ilikuwa Ijumaa. Wakamtoa damu, tukasubiri weee. Baadaye daktari akatuita, kijana mmoja mpole, ana majibu mawili mezani. Moja la siku ile. Lingine la wiki chache nyuma, Papa Kalala alipokwenda na homa yake.

La zamani kila kitu safi. La siku ile chembe nyekundu chini, nyeupe chini, zile za kugandisha damu karibu hakuna.

Kwa wasiojua: maabara wana utaratibu wa kulinganisha majibu yako ya leo na ya nyuma. Tofauti ikizidi, wanashuku tube imechanganywa na ya mtu mwingine, au damu imeganda humo ndani. Ni utaratibu mzuri, unaokoa watu. Ila unataka mwenye jina awe yule yule.

"Eish," daktari akasema, "damu haishuki hivi kwa wiki chache. Maabara wanaona sample ina kasoro. We'll repeat it."

Nikafungua mdomo niseme lile la zamani si lake. Shabani akaniwahi.

"Yes doctor, machine wrong," akasema huku anatabasamu. Alipoulizwa kama anatokwa damu popote, akasema no.

Wakamtoa damu nyingine, tukaambiwa turudi Jumatatu.

Nje nikamgombeza, nikamwambia arudi aseme ukweli. Akanijibu taratibu: "Kaka, nikisema, Papa Kalala ananyang'anywa kibali kwa ajili yangu. Yule ana watoto."

Jumamosi asubuhi pua ikaanza kutoka damu, haikati. Nikatafuta gari nikamrudisha, na safari hii sikumsikiliza. Nikamwambia nesi kila kitu. Hakuita polisi. Alipiga simu maabara, akasikiliza, kisha akakaa chini.

Majibu ya damu ya pili yalikuwa yametoka asubuhi ile ile, na hawakuwa na pa kutupata. Yalikuwa yale yale. Walikuwa wameitazama na kwenye darubini. Mashine haikukosea.

Wakamwongezea damu, lakini nyingine ilikuwa imeshavujia kichwani. Akafariki siku hiyo hiyo. Labda hata Ijumaa asingepona, sijui. Kinachoniuma ni kwamba hakupewa nafasi.

Mochwari tukaambiwa marehemu ni Kalala.

Papa Kalala akaja mwenyewe, mzee wa watu. "Kalala ni mimi. Niko muzima."

Karani akamtazama, akasema yeye anafuata kilichoandikwa. Kubadilisha jina kulihitaji kitambulisho cha Shabani, na Shabani hakuwa nacho.

Watu wa msikitini Mungu awalipe. Walimwosha, wakamswalia kwa jina lake. Kibao cha kaburi kikaandikwa Kalala, kama karatasi zilivyosema.

Nilimpigia mama mdogo nikamweleza yote. Alilia, akauliza kitu kimoja tu: "Sasa mtu akitaka kumzuru, atamjuaje?"



Wakuu, mashine inahesabu kilichomo kwenye tube. Jina unaipa wewe. Nenda na la kwako hata kama unatetemeka.

Wa maabara mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea, na wengine semeni yenu. Na aliyeko Durban, akipita makaburi ya Waislamu akaona kibao cha Kalala, amsomee Fatiha Shabani.