Jicho Lisilo la Mwanetu

Dada yangu hutengeneza picha kwenye studio ndogo iliyobanwa kati ya duka la viatu na kinyozi. Mna pazia la bluu la kupigia picha za pasipoti, stuli inayoyumba, na kompyuta anayoiinamia kama fundi cherehani, miwani imeshuka puani. Watu hutoka humo weupe kuliko walivyoingia, na wanashukuru. Mimi humwambia kazi yake ni kusema uongo kwa heshima. Yeye hunijibu kwamba anapunguza tu, haongezi.

Na kweli alikuwa haongezi. Programu yake ina akili bandia: ukivuta mstari wa kukatia ukapita mwisho wa picha, nafasi tupu inajijaza yenyewe. Ukuta unaendelea, majani yanaota, bega la mtu linakamilika. Dada aliichukia hiyo tangu mwanzo. Aliitafuta tiki yake kwenye mipangilio, akaitoa, nafasi tupu ikabaki nyeupe.

Mwanawe wa kwanza alifariki kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa bado shule ya msingi. Picha yake iliyobaki ni ile ya darasa zima, na mpiga picha, hamnazo yule, alimwacha pembeni kabisa, uso umekatwa katikati. Nusu iliyokosekana ndiyo yenye lile jicho lake la kusinzia, kope imelala tangu azaliwe. Kwa jicho hilo baba yake alisema kwao hakuna macho ya namna hiyo, dada amtafute mwenye mtoto. Akafungasha, na dada ana mimba ya pili. Mazishini alikuja kama mpita njia, akasimama nyuma, akaondoka kabla kaburi halijafukiwa vizuri. Yule wa pili, binti, aliyekuwa mchanga siku hiyo, alipokua akapata kazi nzuri, ndipo baba alipokumbuka kwamba ana mtoto.

Mwaka huu binti alihamia nyumba yake na watoto wake, akaomba picha ya kaka yake aitundike sebuleni. Dada akavuta mstari ili mtoto akae katikati na pembeni pabaki peupe. Hakujua kwamba programu ilikuwa imejiweka toleo jipya na kuirudisha ile tiki bila hodi. Kabla hajaangalia, mteja wa pasipoti akamwita paziani. Aliporudi alimkuta binti analia mbele ya kompyuta. Kwenye kioo alikuwapo mvulana mzima, macho mawili yamefunguka sawasawa. Binti alikuwa ameshaichapisha, na ameshamtumia baba yake kwa simu.

Dada alimwambia huyo si kaka yake. Binti akamjibu polepole, "Mama, mimi uso wake siujui. Hata huu unaninyima?"

Kesho yake shemeji, huyo baba yao, akaja, suti na manukato. Nilikuwapo, nimempelekea dada chakula, na binti naye alikuwapo. Akaishika ile picha, akajifuta macho kwa leso iliyopigwa pasi.

"Shemeji, njoo uone," akaniambia. "Jicho hili ni la marehemu baba yangu. Huyu ni damu yangu kabisa."

Nikamwambia damu yake imechelewa sana kufika. Akajifanya hakusikia, akamwomba dada nakala kubwa ya kuweka ofisini.

Dada aliingia kwenye mipangilio, akaitoa tiki, akairudisha picha ilivyokuwa. Kisha akamnyang'anya ile ya karatasi, akailaza kwenye kisu cha kukatia, akalinganisha makali na pale picha ya kweli ilipoishia. Akakandamiza.

"Mama watoto, unafanya nini?" Shemeji aliruka kama amekatwa yeye.

"Nakupa fungu lako." Akamkabidhi kipande chenye jicho la mashine. "Huyu ndiye unayemkubali, basi mchukue. Aliyebaki ni wangu."

Shemeji alitoka na kipande chake mkononi, hajui akitie mfukoni au akitupe. Nilicheka. Dada hakucheka, kwa sababu binti alichukua mkoba wake akamfuata baba, na picha nzima bado ilikuwa kwenye simu zao.

Binti akaichapisha kwingine. Sasa iko sebuleni kwake, ndani ya fremu pana, na wageni humsifia kijana kwa macho mazuri. Dada huenda kuwaona wajukuu. Huchagua kiti kinachoupa mgongo ukuta ule.