Ndege wa Bahari Kwenye Mahindi ya Mama

Mama alinipigia simu asubuhi, nikiwa Bungoma kwenye shule ninapofundisha bayolojia. "Iko ndege imeanguka kwa mahindi," akasema. "Si ya huku. Inanuka samaki."

Dhoruba ilikuwa imelaza nusu ya shamba lake nje ya Kitale. Nilidhani ni korongo aliyevunjika bawa. Nilipofika, nilimkuta Mama amemlaza ndege huyo kwenye karai jikoni, amemfunika leso. Mgongo mweusi kama masizi, tumbo jeupe, mkia umegawanyika kama wa mbayuwayu. Nilimjua kwa picha za vitabuni tu: buabua wa bahari kuu. Watafiti wanaamini kwamba akishatoka kisiwani alikozaliwa, huruka juu ya maji miaka mingi bila kukanyaga nchi kavu. Sasa alikuwa kwenye karai la kuoshea sukuma wiki. Nilipiga magoti, maana sikujua nifanye nini kingine.

Alikufa kabla ya jioni, Mama akimdondoshea maji kwa kijiko.

Nilichukua manyoya machache, nikayatuma Nairobi kwa rafiki niliyesoma naye chuo, ambaye kazi yake ni kuchunguza vinasaba vya ndege. Wiki kadhaa zikapita. Jumapili moja, nikiwa kwa Mama tena, rafiki huyo akapiga. Nikaweka simu kwa spika.

"Nimesoma mitokondria ya yule ndege," akasema. "Ukoo wake wa kike uko visiwa vya Bahari Hindi. Lakini uko pia mbali sana, upande wa Australia. Wa kote huko ni watoto wa mama mmoja wa zamani."

Alipokata simu, Mama akauliza, "Mito nini?"

Nikamweleza. Ndani ya seli za mwili kuna vitu vidogo mno vinavyotupa nguvu, navyo vina vinasaba vyake vyenyewe. Hivyo havitoki kwa baba. Mama humpa mtoto, na binti akizaa huwapa wake.

"Na kijana?"

"Anapata kwa mamake. Lakini watoto wake hawapati kwake. Kwake inaishia hapo."

Mama akaacha kuchambua maharagwe.

Alizaa wasichana wanne, basi. Tulipomzika Baba, baba mdogo alisimama mbele ya watu akasema nyumba hii imefungwa, haina wa kuibeba. Nilikuwa mtoto, nimeshika sketi ya Mama. Sikuwahi kumsikia Mama akilizungumzia jambo hilo.

"Kwa hivyo hii yangu," akasema, "iko kwenu nyote?"

"Sote wanne. Na watoto wetu."

"Na mimi nilipata kwa mamangu."

"Naye kwa mamake. Hivyo hivyo, kurudi nyuma mpaka tusikojua."

Akaigeuza mikono yake, akaitazama viganja kama mtu aliyekabidhiwa kitu. "Ati imefungwa," akasema polepole.

Somo hilo nimelifundisha miaka mingi, nikichora duara ubaoni na kufuta. Wanawake ambao hakuna aliyewahi kunitajia, waliolima, wakazaa na kuzikwa, siku ile walikuwa hai jikoni mle, ndani yangu na ndani yake.

"Nyanya ya mamangu alitoka upande wa Suam," Mama akasema. "Alikuja kwa miguu. Jina sijui. Lakini dada ya mamangu si bado yuko Cheptais? Labda anakumbuka."

Jumamosi iliyofuata tukapanda hadi Cheptais. Tulimkuta mzee huyo anaota jua, haoni vizuri tena. Mama akamshika mkono, akamuuliza. Midomo ya yule mzee ikasogea, halafu akataja jina la nyanya yake mzaa mama, na la mama wa huyo nyanya.

"Mbona hukuwahi kutuambia?" Mama akauliza.

"Kwani nani aliuliza?"

Mama akayarudia majina yote mawili kwa sauti. Kisha akayarudia tena, na mara ya tatu nikayasema pamoja naye.