Kesi ya Vidonge vya Tumbo

Dada yangu ana duka la dawa Kasulu mjini, na mwaka juzi alishtakiwa na mwanamume wa kijiji cha Kitanga kwamba dawa zake zimemtoa mkewe mimba. Polisi walisikiliza, wakasema hawaoni jinai. Basi yule bwana akafungua kesi ya madai Mahakama ya Mwanzo, anataka fidia. Mimi niliona ni upuuzi mtupu, na nilisema hivyo sokoni, kanisani, popote. Dada akaniambia, "Hebu funga domo hilo. Nikishindwa kesi hii duka limekwisha, na watoto wangu watakula maneno yako?" Nikanyamaza, ingawa kwangu kunyamaza ni ugonjwa.

Mambo yalikuwa hivi. Yule mke alikuja na cheti cha zahanati, ameandikiwa vidonge vya vidonda vya tumbo, vile ambavyo mjamzito hapaswi kumeza kwa sababu vinaweza kutoa mimba. Dada akamwuliza, "Una mimba?" kama anavyomwuliza kila mwanamke mwenye cheti cha namna hiyo. Akasema hana. Akapewa dawa, akaenda zake. Nilikuwepo, napanga maboksi, nilisikia kwa masikio yangu. Wiki haikuisha, mimba ikaharibika. Ilikuwa ya kwanza, na walikuwa wameingojea sana.

Ushahidi wangu ni wa ndugu, nani angeupokea? Na ukweni kwa yule mke walishaapa kwamba hakuulizwa kitu. Yote yakabaki mikononi mwa yule yule aliyepoteza mtoto.

Siku ya kesi alisimama amejifunga kitenge, mwembamba, macho yamevimba. Hakimu akamwuliza kama dukani aliulizwa au hakuulizwa. Akamtazama mama mkwe wake. Nusura nipige kelele, "Sema!"

"Niliulizwa," akasema. "Nikajibu sina."

"Na ulijua unayo?"

"Nilijua. Lakini mama mkwe alikuwa pembeni yangu, na watu wamejaa dukani. Kwetu mimba changa haitajwi mbele za watu. Sikujua ile dawa ina nini, hakuna aliyeniambia."

"Yebaba we!" mama mkwe akalia, mikono kichwani.

Nilimwelewa yule binti, nisiseme uongo. Mama yetu alipokuwa na ujauzito wa mdogo wetu wa mwisho, jirani akimwuliza, anajibu ni maharage tu yamemjaza. Tulicheka miaka mingi kwa hilo. Siku ile sikuona cha kuchekesha.

Madai yakatupwa. Nje, mume akampakia mama yake kwenye pikipiki, akaondoka bila kumwangalia mkewe. Nilimchukia mtu yule, na bado namchukia.

Dada akamkimbilia binti, akamshika mikono miwili. "Mdogo wangu, Mungu akubariki. Umeniokoa. Twende nyumbani ukale kwanza, ndipo tuone utalala wapi."

Binti hakuwa na hasira. Angekuwa nayo ningejua la kusema.

"Dada," akasema, "ungeniita kule ndani, nyuma ya kabati, ukaniuliza peke yangu, ningekuambia."

Binti akaitoa mikono yake taratibu, akashika barabara ya kwao kwa miguu.