Manesi wa Mama Kabira

Kazi yangu ya kwanza Jeddah ilikuwa kumtunza mama mzazi wa madam, mwajiri wangu, katika nyumba ya mtaa wa Ruwais. Wote walimwita mama kabira, yaani mama mkubwa, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa kipofu, lakini masikio yake yalikuwa balaa. Ukifungua friji chini, anakuuliza kutoka juu unatafuta nini.

Alasiri tulikuwa na tamthilia yetu, ya zamani, picha nyeusi na nyeupe, ya wasichana wanaosomea unesi. Yeye hakuona kitu, na mimi mwanzoni Kiarabu changu kilikuwa maneno matatu, yalla, halas na mafi, basi. Ikabidi tusaidiane. Nilimwambia nani analia, nani anatandika kitanda. Yeye akanieleza wanasema nini, polepole, kwa maneno ya kumfundishia mtoto.

Tulimpenda msichana mmoja wa mashambani. Mimi nilimpenda kwa wivu, maana nilikatiza masomo ya unesi baba alipougua, nikapanda ndege kuja kupiga deki. Hayo nilishamsimulia mama kabira kwa Kiarabu kibovu nilichokuwa nimeokota kwake. Kila matroni alipomkaripia yule msichana, roho iliniruka.

"Anamwambia nini?"

"Kwamba ana mikono ya nesi," mama kabira alijibu.

Nikajiambia labda matroni wa huku husifu kwa kununa.

Sehemu ya mwisho, msichana alitoka getini na sanduku, machozi yakimtiririka. "Amefaulu," mama kabira akasema. "Anaenda kuanza kazi kwao." Nililia naye. Jioni hiyo nikampigia mama nyumbani, nikamwambia mkataba ukiisha narudi chuoni.

Baadaye madam alinipeleka Riyadh kwa binti yake aliyejifungua. Huko nikaikuta tamthilia ile ile ikirudiwa, na sasa Kiarabu nilikuwa nacho. Matroni hakumsifu yule msichana hata siku moja. Alimwambia mikono yake ni ya kufulia. Na siku ya sanduku, alikuwa amefukuzwa.

Nilikasirika. Nilijiona mjinga, mtu mzima niliyepanga maisha yangu kwa hadithi ya kubuniwa kwenye kochi. Nikapiga simu Jeddah, nikaomba nipewe mama kabira.

"Mama kabira, yule msichana alifukuzwa."



"Yeye alifukuzwa," akasema. "Wewe, binti yangu, chuo kinafunguliwa lini?"