Mikorosho Kumi na Miwili ya Dada

Mpaka leo nikisikia harufu ya salfa namkumbuka dada yangu, na ninakasirika kidogo. Ni yeye aliyenifundisha kupulizia mikorosho unga huo ili ubwiri, ule ukungu mweupe, usiharibu maua, na ni yeye aliyeondoka. Alivuka mpaka akaenda Nairobi kushona nguo, akasema ni miaka miwili tu. Ikawa tisa.

Marehemu baba alimgawia kila mtoto mikorosho yake katika shamba letu la Nambilanje. Ya dada ni kumi na miwili, ile ya upande wa kijito. Mwaka ule aliahidi kuja kuipulizia mwenyewe, kwa hiyo mama akatuzuia tusiiguse. Nilitoka Nachingwea nikaja kusaidia. Tukamaliza ya mama, tukamaliza yangu, na maua ya dada yakaanza kushika ubwiri. Kila nikisema, mama ananijibu, "Mwenyewe anakuja." Subira huvuta heri, sikatai, lakini ubwiri hausubiri mtu.

Mchana mmoja, tumetoka shambani, nikaona kwenye simu kuwa Nairobi imejaa watu. Vijana kwa maelfu walikuwa wanapinga muswada wa kodi, na wingu zito linatambaa barabarani katikati yao. Dada alikuwa ameniandikia asubuhi kwamba naye anatoka kuandamana. Mama akainyakua simu. Mabomu ya machozi hakuwahi kuyaona, ila wingu alilijua, au alidhani analijua.

"Hao nao wanapuliza salfa?" akauliza. "Jua lote hili? Na upepo huu?"

Sisi hupuliza alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia. Kabla ya kuwasha mashine, dada alikuwa anarusha vumbi kidogo juu, anaangalia linakoelekea, kisha anatupanga sote upande upepo unakotoka. Nilimweleza mama kwamba ule ni moshi wa polisi. Hakubadili neno.

"Mwambie akae upepo unakotoka. Afunge kanga usoni. Asijifute macho kwa mkono."

Niliona aibu, lakini nilirekodi sauti yake nikaituma. Haikufika. Simu ya dada ilikuwa imezimwa.

Siku mbili mama hakula chakula cha maana. Simu yangu aliifungia kwenye pindo la kanga, nikawa naiomba kama ya jirani. Mimi nilikuwa namwona dada tu jinsi alivyokuwa akitoka mikoroshoni, nyusi za njano kwa salfa, anatucheka sisi tunaokohoa. Nilitamani kumwona mpaka nikachoka.

Siku ya tatu sauti yake ikaingia, imekauka.

"Mama, ujumbe umenikuta nimesharudi. Lakini nilifanya hivyohivyo. Nilirusha vumbi juu, wenzangu wakaniona nimechanganyikiwa, halafu wakanifuata."

Mama alicheka huku analia. Aliomba aisikilize tena, na tena. Kisha akaniambia nimuulize jambo moja: kodi ya watu inamhusu nini yeye?

Jibu lilikuja upesi.

"Watu gani, mama? Hiyo ni kodi yetu huku."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nilitaka kumwambia kwamba maua yake yanakauka na mama anayalinda kwa maneno matupu. Nikamrudishia mama simu. Mtu hamezi moshi ule kwa ajili ya mahali anapopita tu, hilo hata mimi nililielewa.

Mama aliifungia tena kwenye pindo la kanga. Halafu akaingia ndani, akatoka na kanga mpya, ile aliyomwekea dada ya kufunga usoni wakati wa kazi. Tangu mwezi uliopita ilikuwa imekunjwa sandukuni.

"Kesho tuwahi," akasema. "Tukaipulize na ile kumi na miwili."

Alfajiri aliifunga yeye mwenyewe usoni. Mimi niliinama, nikachota vumbi, nikalirusha juu.