Sauti Aliyoiita ya Mbu

Nelima Wekoye hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. Siku za kazi alikuwa karani katika ofisi ya mifugo mjini Bungoma, mtu wa kuandika vibali vya kusafirisha ng'ombe. Jumapili aliongoza kwaya, na waliokaa nyuma kabisa karibu na mlango walisema wanamsikia kana kwamba amewakalia mapajani. Alizaliwa Ndalu, na kuimba alijifunza kwa kuwaita ndugu zake kutoka ng'ambo ya shamba la mahindi.

Kuanzia mwaka wa 2001 aliigiza katika mchezo wa nyimbo ulioitwa *Mama wa Suam*. Aliyeuandika ni Gathii, mpiga picha za harusi wa Kitale. Mchezo ulikuwa wa mwanamke anayevuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Suam na mtoto mgonjwa mgongoni, akitafuta daktari. Mtoto anamfia njiani, na yeye, asijue, anaendelea kumwimbia alale. Nelima ndiye aliyekuwa huyo mama. Kitale, mji mdogo wa Kwanza, Bungoma, popote walipoenda, alipoupaza wimbo ule watu walisimama na kupiga makofi kabla hajaumaliza.

Miaka mitatu baadaye Gathii alipata kamera nzuri, akaamua kuufanya mchezo kuwa filamu. Nelima hakuambiwa lolote. Alisikia sokoni kwamba nafasi yake amepewa Mary Ann, mwalimu wa nasari wa Kitale mwenye miaka ishirini na mitatu. Siku iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akaenda kumkabili Gathii katika studio yake.

"Ni kweli?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

Gathii alimsogezea kiti. Nelima hakukaa.

"Mama, kwa stage wewe ni simba, hakuna mtu anabisha," Gathii alisema. "Lakini kamera inakuja karibu, inakaa hapa kwa uso. Ukiimba, mishipa ya shingo inatoka. Watu wataogopa."

"Mishipa yangu ndiyo ilikujazia hall miaka mitatu."

"Najua. Si ubaya, mama."

"Usiniite mama," Nelima alisema, akatoka.

Nyumbani alimweleza mumewe, Khaemba, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache. Khaemba alisema filamu ni ya Gathii na binti wa watu hana makosa. Kwa jibu hilo Nelima hakumsemesha kwa siku mbili.

Mwaka wa 2005 kikundi cha wapenda sanaa wa Kitale kilitangaza mashindano ya filamu zilizotokana na michezo ya nyimbo. Zilijitokeza tatu, na *Mama wa Suam* ilikuwa mojawapo. Mwenyekiti wa majaji alikuwa Mzee Kipruto, mwalimu mstaafu wa muziki kutoka Kwanza. Mwamuzi wa uimbaji alipojitoa wiki moja kabla ya siku yenyewe, Kipruto alimpigia Nelima simu amwombe ashike nafasi hiyo.

"Lakini wewe ulikuwa kwa huo mchezo wa Gathii," alisema. "Kuna kitu kati yenu? Sema sasa."

"Hakuna kitu, Mwalimu. Mimi nitasikiza sauti tu."

Alikata simu akiwa anatabasamu, na Khaemba, aliyekuwa mezani, aliliona lile tabasamu. "Usiende," alimwambia. Nelima alikwenda.

Filamu zilionyeshwa Jumamosi, mapazia ya ukumbi yakiwa yamefungwa mchana. Kwa zile mbili za kwanza Nelima alikuwa mwamuzi wa haki, tena mkali. Katika moja, midomo ya waigizaji ilifunguka wakati sauti imeshapita. Katika nyingine, waimbaji waliimbia kamera kana kwamba iko ng'ambo ya mto; walipiga kelele usoni mwa mtazamaji hadi ukatamani kurudi nyuma na kiti chako. Aliandika hayo yote, na yote yalikuwa kweli.

Kisha ikaja ya Gathii. Alikuwa amenoa kalamu yake. Nyimbo za mwanzo zilimpa alichotaka: pumzi za Mary Ann zilikuwa fupi, na mara mbili alishuka chini ya ufunguo wa wimbo. Nelima aliandika haraka, akipiga mistari chini ya maneno.

Halafu ukafika wimbo wa kumlaza mtoto. Kamera ilisogea hadi uso wa Mary Ann ukajaa ukuta mzima. Hakuupaza. Aliuimba kwa sauti ndogo, karibu kunong'ona, mdomo wake ukigusa kichwa cha mtoto, kama anavyoimba mtu asiyetaka mwingine amsikie. Mahali ambapo Nelima alikuwa akivuta pumzi kubwa na kuutupa wimbo hadi mlangoni, msichana alinyamaza kidogo, akaangalia kama mtoto amelala, akaendelea. Ukumbi wote ulinyamaza. Nelima aliona herufi za karatasi yake zikichanganyika, ndipo akajua kwamba analia. Alijifuta upesi kwa kiganja.

Alijua amesikia nini. Kwa miaka mitatu alikuwa amempigia kelele mtoto anayetakiwa kulala, na binti huyu ambaye yeye Nelima alimchukia ndiye aliyeuelewa wimbo. Ukweli huo haukumlainisha. Ulimchoma, na kwa uchungu huo akachukua kalamu na kuandika alama arobaini na moja kwa mia.

Desturi ya mashindano ni mwamuzi kusimama na kusema maoni yake mbele ya watu. Nelima alisimama. Mary Ann alikuwa amekaa mstari wa tatu na wazazi wake, amevaa nguo mpya ya kitambaa cha bluu.

"Huyu dada ametuimbia nini?" Nelima aliuliza. Sauti yake ilijaa ukumbi bila taabu. "Mimi nilikuwa natafuta sauti, sikuiona. Nilisikia mbu ndani ya neti. Ati anaimbia mtoto! Mimi ningekuwa huyo mtoto ningeomba nipuliziwe Doom."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Hata watu waliolia dakika chache kabla walicheka, kwa sababu kicheko cha wengi ni vigumu kukikataa. Mary Ann alishika mkono wa mama yake na kutazama sakafu. Gathii alisimama akapaza sauti, "Hiyo si kuhukumu, hayo ni matusi!" Akaambiwa akae.

*Mama wa Suam* ilishindwa kwa alama chache. Kwenye chai, Kipruto alimkuta Nelima peke yake kando ya meza ya vikombe.

"Ulilia," mzee alisema polepole. "Mimi nilikuona."

"Ilikuwa vumbi, Mwalimu."

"Ndani ya ukumbi? Haya. Karatasi nimetia sahihi kwa sababu sina njia ya kuingia rohoni mwako. Lakini mimi nimefundisha muziki miaka thelathini. Arobaini na moja si ya ule wimbo."

Neno la Nelima lilibaki Kitale baada ya yeye kurudi Bungoma. Vijana walimwita Mary Ann "Mbu" barabarani. "Niaje, Mbu!" walimpigia kelele akipita, wakiiga mlio wa mbu kwa meno. Watoto wa nasari wakaliokota jina hilo nyumbani kwao na kulileta darasani. Mary Ann akaacha kuimba nao asubuhi, akaacha na kwaya ya kanisa. Gathii alimwomba aigize filamu nyingine, akakataa.

Habari hizo zilimfikia Nelima, naye alisema mwimbaji wa kweli hauawi na neno moja. Hivyo ndivyo alivyosema hadi mwezi wa kumi, kanisa lao lilipoomba *Mama wa Suam* ichezwe tena jukwaani, Bungoma. Alipofika kwenye wimbo wa kumlaza mtoto akajaribu kuuimba kwa sauti ya chini.

"Sauti! Hatusikii!" mtu aliita kutoka nyuma.

Akaupaza kama zamani. Mtoto halisi aliyekuwa amelala mgongoni mwa mama yake mstari wa mbele aligutuka na kuangua kilio, na mama akatoka naye nje mbio. Watu wakapiga makofi kama kawaida. Nelima aliinama kuwashukuru huku akiutazama mlango aliotokea yule mama.

Juma lililofuata alikwenda Kitale, akamkuta Mary Ann akifagia darasa watoto wakiwa wameshaondoka.

"Dada, nimekuja kuomba msamaha," alisema. "Nilikudanganyia alama. Ule wimbo uliuimba vizuri kuliko mimi. Nilijua wakati ule ule."

Mary Ann aliendelea kufagia hadi mlangoni, hadi Nelima akalazimika kusogeza miguu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Afadhali ungekuwa hujui. Mimi nilidhani wewe hujui kusikia, nikakuhurumia." Alisimamisha ufagio ukutani. "Ulinitukana mbele ya watu mia tatu. Sasa unakuja kuniambia ukweli hapa, watu wakiwa hawako? Enda uwaambie wao."

"Matokeo yalishapita..."

"Mimi sijaulizia matokeo. Enda uwaambie wao."

Nelima alimwandikia Kipruto barua na kukiri kila kitu. Wenye mashindano walijibu kwamba matokeo hayabadiliki, na jina lake limeondolewa kwenye orodha ya waamuzi. Lakini Kipruto alimpa dakika tano mwaka uliofuata, kabla ya filamu kuanza.

Nelima alisimama mahali pale pale. Alisema kwamba alikuwa na chuki alipokubali kuwa mwamuzi, kwamba alimdanganya mwenyekiti, na kwamba alimpa arobaini na moja mtu aliyestahili tisini. Hakuna aliyecheka. Sauti moja ikasema, "Mwongo mkubwa!" Nyingine ikasema, "Shuka, mama, songa mbele, tunataka filamu!" Aliendelea hadi mwisho, akashuka ngazi huku wakimzomea.

Mary Ann alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, mikono kifuani. Nelima alipomfikia alisimama, akidhani labda watasalimiana.

"Nimekusikia," Mary Ann alisema. "Usifikirie tumekuwa marafiki."

"Sijafikiria hivyo."

"Sawa." Akatoka nje.

Kutoka siku hiyo Nelima hakuitwa tena kuhukumu hata mashindano ya watoto wa Jumapili. Kanisani wapo walioacha kumsalimia, na kwaya ikamchagua kiongozi mwingine. Yeye akabaki akiimba mstari wa pili, akifuata mkono wa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuimba. Gathii hakumsemesha kamwe. Mary Ann aliolewa Kwanza mwaka wa 2007, na waliokuwa kwenye harusi walisema aliimba, wimbo mmoja mfupi, na kwamba ukumbi ulinyamaza ili kumsikia. Nelima alihadithiwa hayo na Khaemba wakati wa chakula. Akauliza aliimba wimbo gani. Khaemba alisema hakuuliza.